Nimezungushwa Kisumu nzima, atachimenti sijapata

Swali: Anti, mi niko mwaka wa tatu, nasoma teknolojia ya habari, nimepeleka barua za kuomba atachimenti, ile ya kujifunza kazi ofisini, kwa ofisi kama kumi hapa Kisumu zote zinasema "tutakupigia" na muhula ndio huo unaisha. Nifanyeje?

Jibu: Pole mdogo wangu, hiyo "tutakupigia" naijua, mi iliniishia kwa saiba ya Kondele nikitoa watu fotokopi. Usiachie barua kwa soja getini, ingia uulize mwenye kushughulika na kompyuta umwone uso kwa uso. Na usikimbilie majina makubwa tu, hospitali, sacco, shule, ofisi za kaunti, zote ziko na netiwaki zinazosumbua kila siku. Beba barua ya chuo na ya bima, bila bima wengi hata hawakusikizi. NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, pia wako na kituo hapa Kisumu, pitia huko uulize.

Ukiingia jaza logibuku, kile kitabu cha kuandika kazi uliyofanya, kila jioni, sio ile ya kukesha usiku mmoja ukitunga kazi ya wiki kumi na mbili, supavaiza akija anauliza swali moja tu unaanza kutoa jasho. Ukitumwa chai nenda, lakini ukirudi omba kushika kebo.