Mkishuka Budapest, Msiandamane Kutwa

Tulikuwa wanne, marafiki wa tangu shule, kwenye meli ya mtoni inayopita Mto Danube. Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ndiyo siku tuliyoihesabia vidole kuliko zote, na ndiyo siku tuliyokaribia kununiana hadi mwisho wa safari. Mji hauna kosa. Sisi ndio tuliotaka watu wanne waone kila kitu, pamoja, kwa mwendo mmoja, kabla ya saa moja usiku ambayo meli ilitutaka tuwe ndani.

Kwa hiyo nasema mapema: asubuhi tembeeni pamoja, mchana achaneni. Mwenye kupenda makumbusho aende, mwenye kutaka kuogelea aende, mwenye miguu iliyochoka akae kivulini anywe kahawa yake bila kuulizwa.

Asubuhi ni ya Buda. Buda, Óbuda na Pest ilikuwa miji mbalimbali mpaka ilipounganishwa mwaka 1873, na miguu yako itaujua mpaka wenyewe: Pest, upande mmoja wa mto, ni tambarare; Buda, upande wa pili, ni vilima na mawe ya barabarani yasiyolingana. Mwenzetu mmoja ana goti linalomsumbua. Tulimpeleka kwenye kile kigari kinachopanda kilima kwa kamba, ambacho ni cha tangu mwaka 1870 na kinapendeza kweli, ila foleni yake ilitumalizia muda na goti likavimba kwa kusimama. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba basi namba 16 linatoka uwanja wa Deák Ferenc tér, upande wa Pest, linavuka Daraja la Minyororo na kupanda hadi juu kwa tiketi ya kawaida. Mkiwa na mtu wa goti, pandeni basi. Picha ya kigari mtaipiga kwa nje.

Kule juu, nenda Ngome ya Wavuvi, roshani ya mawe yenye minara, utazame ng'ambo ya mto. Jengo la Bunge lote liko mbele yako, limekaa ukingoni mwa maji kama limechorwa. Kuba lake lina urefu wa mita 96, sawa na la Basilika ya Mtakatifu Stefano, kanisa kubwa la Pest, na namba hiyo haikuja kwa bahati: inakumbusha mwaka 896, ambao Wahungaria wanauhesabu kuwa ndio wazee wao walipoingia nchi hiyo. Kuingia ndani ya Bunge kunataka tiketi ya saa maalumu, iliyokatwa mapema. Kwa siku moja, mimi nisingehangaika. Ukiwa Buda unaliona vizuri kuliko aliyesimama mlangoni pake.

Mchana wawili wetu walikwenda kwenye mabwawa ya maji moto ya Széchenyi kwa treni ya chini ya ardhi, laini ya M1, iliyofunguliwa mwaka 1896. Vibehewa ni vidogo, vya manjano, na ngazi za kushuka ni chache mno hata unadhani umekosea njia. Hapo ndipo mmoja alipopatikana. Alinunua tiketi ya karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, akijua kulipa ndiko kumaliza kazi. Kumbe lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda. Wakaguzi wawili wakamsubiri kituoni. Alijitetea kwa Kiingereza, akajitetea kwa mikono, mwisho akaanza kujitetea kwa Kiswahili, na faini akalipa. Gongeni tiketi, jamani.

Mimi na mwenye goti tulichukua tramu namba 2, inayofuata mto upande wa Pest. Kwa pesa ndogo ya forinti unakaa dirishani ukipitiwa na madaraja, Buda yote ikiwa ng'ambo. Tukashuka karibu na Bunge, tukatembea polepole kuelekea vilipo viatu.

Ni jozi 60 za viatu vya chuma, vimewekwa ukingoni mwa mto mwaka 2005, vimeelekea majini. Mwishoni mwa mwaka 1944 na mwanzoni mwa 1945 wanamgambo wa Mshale wa Msalaba, chama cha kifashisti cha Hungaria kilichoshirikiana na Wanazi, waliwaleta watu mtoni, wengi wao Wayahudi, wakawapiga risasi ili maji yawachukue. Kabla ya hapo waliwavulisha viatu, maana viatu vilikuwa na thamani. Vingine ni vya kike vya kisigino, vingine vya kazi, vilivyolegea kamba. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa na maji ya mvua ndani, na mtu alikuwa ameweka kijiwe juu yake. Mwenzangu alikuwa ameshatoa simu apige picha. Akairudisha mkobani, na tukakaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga. Msiende hapo mkiwa kundi la kelele, wala msipaache hadi dakika za mwisho.

Sasa meli. Danube ikijaa watalii, meli hufungwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo unafungua pazia asubuhi unakutana uso kwa uso na mzee wa meli ya pili akiwa kwenye nguo za kulalia. Ili kushuka unakatiza mapokezi ya meli ya watu. Na meli huhamishwa pia. Sisi tulirudi gatini saa kumi na mbili, tukakuta meli nyingine kabisa mahali pa yetu. Goti la mwenzangu lilisahaulika ghafla. Kumbe karatasi ya ratiba iliyowekwa chumbani usiku uliopita ilisema wazi kwamba saa nane mchana meli ingesogezwa gati la mbele, na hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma. Piga picha karatasi hiyo kila usiku, pamoja na kadi ya meli yenye namba ya simu ya mapokezi, na kila mtu awe nayo kwenye simu yake. Tukiwa tumeachana, lingetusaidia hilo kuliko kupigiana simu na kuulizana “uko wapi?” huku hakuna anayejua aliko.

Msinunue safari ya boti ya usiku kabla ya kuuliza melini. Yetu ilizunguka mto wenyewe taa zilipowashwa, na tulichohitaji ni koti, kwa sababu upepo wa juu ya sitaha hauna huruma. Tulijibanza wanne chini ya blanketi moja, kila mmoja akisimulia mchana wake. Aliyepigwa faini akatoa tiketi yake ya treni, safi, haijagongwa, akasema hiyo anaitia fremu.