Njia Tatu za Umeme za Kutengeneza Maji ya Fedha, na Kwa Nini Siyanywi

Shangazi yangu aliletewa na jirani chupa ndogo ya maji ya fedha, yaani maji yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha, akahakikishiwa kwamba yangemwondolea mafua yaliyomsumbua tangu masika. Kwa kuwa bei ya chupa ile haikuwa ya kawaida, aliniuliza mimi, mwalimu wa fizikia niliyewahi kuwa fundi redio, kama ningeweza kumtengenezea nyingine. Nilikubali bila kusita, na kwa miezi kadhaa nikajaribu njia zinazotumiwa majumbani. Ninayoandika hapa ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla sijaanza.

Msingi wa njia zote ni kuitoa fedha katika waya na kuiingiza majini kwa nguvu ya umeme. Katika njia mbili za kwanza, waya mbili za fedha huchovywa katika maji, moja ikaunganishwa na upande chanya wa betri na nyingine na upande hasi. Fedha hutoka kwenye waya wa chanya ikiwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, kisha sehemu yake hugeuka chembe ndogo mno zinazoelea bila kuzama, na hizo chembe ndizo koloidi yenyewe. Siku ya kwanza nilitumia maji ya bomba, na ndani ya dakika chache yakawa meupe kama yaliyotiwa maziwa, kwa sababu kloridi iliyomo iliungana na fedha. Yanatakiwa maji yaliyokenekwa, yale ambayo madereva huyaita maji ya betri. Lakini soma lebo kwa makini, maana kuna maduka yanayoiita asidi ya betri kwa jina hilohilo. Waya nao uwe wa fedha safi ya 999, yaani sehemu 999 za fedha katika kila 1,000. Sonara wa kwanza niliyemwendea alinipa fedha ya 925, ambayo ndani yake kuna shaba, na shaba nayo ingeingia majini.

Njia ya kwanza ni ya betri tatu za volti 9 zilizounganishwa mfululizo, jumla volti 27, bila kifaa kingine chochote. Ni rahisi, na udhaifu wake unatokana na urahisi huo. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo mwanzoni huoni kitu. Kadiri ioni zinavyoongezeka ndivyo mkondo unavyokua, na mkondo ukikua ioni huongezeka kwa kasi zaidi. Jioni moja niliiacha glasi mezani nikaenda kula, na niliporudi waya wa hasi ulikuwa umeota manyoya meusi yaliyokuwa yakidondoka taratibu hadi chini, na maji yamekuwa ya kijivu. Chembe zilikuwa zimekua kupita kiasi.

Njia ya pili ni ileile, ila unaongeza rezista, kifaa kidogo kinachobana mkondo, ya kilo-omu 27 kwenye waya mmoja. Volti 27 zikigawanywa kwa omu 27,000, mkondo hauwezi kuzidi miliampea 1 hata maji yapitishe umeme vizuri namna gani. Hapa ndipo nilipoanza kuona fahari ya jambo hili, kwa sababu sheria ya Faraday, isemayo kwamba kiasi cha fedha kinachotoka hulingana na mkondo na muda, inakuwezesha kuhesabu: miliampea 1 kwa saa moja hutoa takriban miligramu 4 za fedha kutoka kwenye waya. Uhusiano huo ni thabiti kiasi kwamba mwaka 1908, huko London, wanasayansi waliukubali uwe kipimo cha ampea yenyewe, yaani mkondo unaoweka gramu 0.001118 za fedha kila sekunde. Katika nusu lita ya maji, saa moja ya miliampea 1 hukupa si zaidi ya miligramu 8 kwa lita. Huwa pungufu kidogo, kwa kuwa fedha nyingine hurudi kushika waya wa hasi. Maji yangu yalipata umanjano hafifu, na nilipoyamulika kwa kalamu ya leza gizani, mstari wa mwanga ulionekana ukipita katikati ya glasi, ishara kwamba chembe zimo.

Njia ya tatu hutumia umeme wa maelfu ya volti, mara nyingi kutoka transfoma za mabango ya taa za neoni, cheche zikiruka kati ya waya na uso wa maji. Nimeiona katika karakana ya fundi mwenzangu na sikuthubutu kuipeleka nyumbani. Wanaoisifu hudai kwamba hutoa chembe safi zaidi, lakini cheche hizo huunguza pia naitrojeni ya hewani, na tindikali inayotokea huingia majini na kuiyeyusha fedha tena kuwa ioni. Kosa moja la mkono linaua. Naomba mtu yeyote asiijaribu.

Kuhusu kupima, usitegemee kile kijikalamu kinachouzwa kwa kupima chumvi katika maji. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa hiyo chembe hakizioni. Saa ya kupima muda na mita ya fundi ya kupima mkondo vinaeleza ukweli zaidi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyonifanya nimkatalie shangazi. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 0.1 za fedha kwa lita kuwa kiasi kinachovumilika katika maji ya kunywa. Glasi yangu ilikuwa na karibu mara 80 ya kiasi hicho. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa za koloidi ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na tija. Mwaka huohuo Stan Jones, mwanasiasa wa Montana, alianza kujitengenezea na kunywa maji ya namna hii kwa waya na umeme, akihofu kwamba dawa zingeadimika mwaka 2000 ukiingia. Ngozi yake iligeuka ya samawati na kijivu, na rangi hiyo haitoki.

Shangazi alinisikiliza, akaniachia chupa yake, tukaenda pamoja kwa daktari wa masikio, pua na koo, aliyemwambia kwamba ana mzio wa vumbi na kumpa dawa ya kupulizia puani. Vifaa vya njia ya pili nimevihamishia maabara ya shule, na kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne hupima uzito wa waya kabla na baada ya somo, kisha hulinganisha mizani na Faraday.