Kupiga Picha za Imani Bagamoyo: Anza na Mwelekeo wa Kibla

Vijana wanaokuja Bagamoyo kutafuta picha za sanaa zenye maudhui ya dini huniuliza kwanza juu ya mavazi na vifaa: kanzu ipi, rozari au tasbihi ya rangi gani, moshi wa udi utokee wapi. Ushauri wangu ni kwamba vitu hivyo vingoje, kwa maana picha ya imani hujengwa kwanza na mwanga wa mahali penyewe na idhini ya wanaoabudu hapo.

Nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kwenye magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kwa sisi watu wa mwambao huu, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa hiyo anayeelekea ukuta wa kibla huchomozewa na jua kuumeni na kuchwewa kushotoni. Jambo hili mpiga picha analiona bure wala halihitaji lenzi ya ghali. Juni na Julai, kusi ikivuma, jua hupita upande wa kaskazini na uso wa ndani wa ukuta huo hushinda kivulini, ukiwa na mwanga laini unaofaa picha tulivu za mawe. Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, jua huhamia kusini, na asubuhi na jioni huupitia ukuta kwa ubavu, likidhihirisha kila tundu la jiwe la tumbawe na kila mahali chokaa ilipobanduka. Chagua msimu kabla ya kuchagua kamera.

Hapo hapo kuna makaburi ya nguzo. Zamani yalipachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, na leo kwenye baadhi yake yamebaki matundu ya mviringo, yenye kina kifupi, kingo zake zikiwa zimelika. Sogea hadi tundu moja lijaze fremu, nusu yake ikiwa kwenye mwanga na nusu gizani. Kwangu mimi picha hiyo inamkumbuka marehemu kwa heshima kuliko mwigizaji aliyevishwa kanzu na kuinamishwa mbele ya kaburi. Ila ukumbuke kwamba wapo wanaokuja kuomba dua katika kaburi linaloitwa la Sharifa. Ukiwakuta, shusha kamera, kaa pembeni, uwaache wamalize.

Mpiga picha wa Kijapani Hiroshi Sugimoto aliifuata njia hii ya mwanga katika hekalu la Sanjūsangen-dō mjini Kyoto, ambako mwaka 1995 alipiga picha za safu za sanamu 1001 za Kannon, anayeheshimiwa na Wabudha kama mwenye huruma. Alitumia mwanga wa jua la alfajiri peke yake, bila taa za umeme. Mtazamaji asiyeijua dini ya Kibudha bado anauona utulivu uliomo.

Zikri, yaani ibada ya kumtaja Mungu kwa pamoja huku watu wakiyumba, ni suala jingine, kwa kuwa hapo watu ndio picha. Tarika ya Kadiria, mojawapo ya njia za Kisufi katika Uislamu, ilistawi hapa chini ya Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na maulidi ya Bagamoyo bado huvuta wageni kutoka mbali. Watu wengi huweka kasi kubwa ya kamera, kisha wakapata midomo iliyoachama na mikono iliyoganda hewani, kana kwamba wanazikri walikuwa wakigombana. Jaribu moja ya nane ya sekunde, kamera ikiwa imetulia kwenye stendi: wanaoyumba watafifia, nguzo na mikeka itabaki wazi, na mwendo wa uradi utaonekana. Taa ya kamera usiiwashe kabisa.

Idhini iombwe mapema, si mlangoni. Mwendee imamu au mzee wa tarika siku za kawaida, toa shikamoo yako, kaa, eleza picha zitaonyeshwa wapi na kama zitauzwa. Kanisani, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, zungumza na paroko, na wakati wa mageuzo, padri anapoweka wakfu mkate na divai, kamera inyamaze.

Je, kuigiza kumekatazwa? Sidhani. Julia Margaret Cameron wa Uingereza, aliyeanza kupiga picha mwaka 1863, alimtumia mara nyingi mtumishi wake wa nyumbani, Mary Hillier, kama Bikira Maria, na picha hizo zina unyenyekevu wa kweli kwa sababu hazimdanganyi mtu: kila anayezitazama anajua ni maigizo. Ukitaka kuigiza, fanya nyumbani kwako na watu waliokubali, na maelezo ya picha yaseme hivyo. Kumpanga mtu asali kwa uongo ndani ya msikiti unaotumika, kisha kuiita picha hiyo ibada, mimi sikubaliani nako hata kidogo.

Kabla ya maonyesho, chapisha picha ndogo kwenye karatasi isiyong'aa, uwapelekee waliomo. Yeyote atakayesema yake isitoke, iondoe siku hiyo hiyo, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote.