Nilijifunza kusali tena mbele ya utando wa buibui

Kwa miaka kadhaa nilikuwa Mkristo wa jina. Sikugombana na mtu, wala imani haikunitoka kwa siku moja. Nilipoa tu, kama chai iliyosahaulika mezani. Nilipotaka kurudi, maombi yakawa hayapandi. Nasema "Baba yetu uliye mbinguni", nasikia sauti yangu mwenyewe, basi.

Aliyenisaidia ni buibui. (Najua mlitegemea niseme mlima, au machweo.) Usiku mmoja usingizi ulinipaa, nikamkuta kazini kwenye kona ya dirisha, upande wa nje. Alikuwa ameshavuta nyuzi zinazotoka katikati kama spoki za baiskeli. Akaanza kuzunguka kutoka katikati kwenda nje kwa uzi usionata, wa kukanyagia tu, kama jukwaa la mafundi. Alipofika ukingoni akageuka, akarudi ndani akitandika uzi unaonata, huku akipima nafasi kwa miguu na kuuondoa ule wa mwanzo kila alipopita. Baadaye nilisoma kwamba wengi wa jamii yake huula utando uliochakaa, kisha hufuma mwingine kwa malighafi ileile.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilipoinuka nikajikuta nimetamka "Bwana". Neno moja, na sikuongeza kitu.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia uchague kiumbe kimoja kilicho karibu nawe, ukirudie siku baada ya siku. Mandhari kubwa hukushtua mara moja, ukazizoea. Simu iache ndani, maana ukishapiga picha umeanza kuwaza watakaoiona. Na usikimbilie kutoa somo. Mimi kesho yake nilijihubiria, "buibui ana bidii, nami niwe na bidii", na papo hapo kila kitu kikakauka. Mtazame tu. Biblia yenyewe humtaja buibui kwa ubaya: katika Ayubu 8 tumaini la mtu asiye na Mungu linafananishwa na utando wake. Ila msemaji pale ni Bildadi, mmoja wa rafiki za Ayubu, na mwisho wa kitabu Mungu anasema Bildadi na wenzake hawakunena yaliyo sawa juu yake. Huwa nacheka kidogo nikifika hapo.

Kisha kuna siku nondo alinasa. Alipapatika, akaviringishwa hai. Makala nyingi za "Mungu na uumbaji" hupita hapa haraka, na nadhani ndiyo maana hazikunisaidia. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia mtaalamu wa mimea Asa Gray, ambaye alikuwa Mkristo, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye nguvu zote aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi vingali hai. Swali hilo ni halali. Lakini soma Ayubu 38 na 39 polepole. Mungu anamwonyesha Ayubu simba akiwinda na makinda ya tai yakifyonza damu, hafichi kitu, na wala hamwelezi kwa nini. Juu ya nondo wangu sikupata jibu. Nilipata kuuliza nikiwa nimemwelekea Mungu, wakati miaka yote ile nilikuwa nikiuliza nimempa kisogo.

Hapa pana kosa nililolifanya, tena kwa muda mrefu: nilidhani dirisha linatosha. Warumi 1:20 inasema katika vilivyoumbwa tunaona uweza wa Mungu wa milele na Uungu wake. Huo ni mwingi, lakini msamaha haumo. Hakuna utando utakaokwambia kwamba umesamehewa, wala buibui hatakuja kukuangalia ukiugua. Habari ya msalaba niliisikia kwa watu, na kwa watu ilinibidi nirudi, pamoja na makelele yao na matangazo yasiyoisha.

Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kutoroka. Wimbo wa pili ulipoanza nikainua macho. Kwenye kona ya dirisha la kanisa palikuwa na utando mkubwa, mwenyewe ametulia katikati. Kimoyomoyo nikamshukuru aliyekuwa na zamu ya usafi wiki ile.