Kutetemeka baada ya kuacha pombe si maigizo
Pole dada. Umesema kaka yako kaacha pombe juzi, sasa anatetemeka na kulowa jasho usiku na baridi yote hii ya Mafinga, na mjomba anadai karogwa. Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho. Ubongo uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unachachamaa: degedege linaweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo kuanzia siku ya 2 au ya 3. Hali hiyo inaua. Mwambieni daktari ukweli, ulanzi kiasi gani, gongo kiasi gani. Kuna dawa za kutuliza na vitamini B1.

Kwetu alikuwa baba mdogo. Alishindwa kunyanyua kikombe cha chai, akawa anakiinamia pale pale mezani. Tukamcheka, Mungu atusamehe. Alirudia kunywa mara mbili msimu wa ulanzi ulipofika, ndipo akatulia.

Methadoni ni dawa ya kuwasaidia walioathirika na heroini, si ya pombe, msihangaike nayo. Akipata nafuu, ombeni aonwe na watu wa afya ya akili, na muwaeleze habari uliyoitaja ya kaka yako kukosa usingizi tangu msiba wenu.