Maswali ya Wasomaji: Je, Kumuuguza Mgonjwa ni Ibada?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni Mmethodisti tangu utotoni. Kwa miaka miwili sasa namuuguza mama mkwe wangu aliyepooza, na kwa sababu hiyo Jumapili nyingi siendi ibadani, wala sihudhurii mkutano wa darasa langu, yaani kikundi kidogo cha washirika wanaotunzana kiroho. Mshirika mwenzangu ameniambia kwamba kuuguza ni wajibu wa kifamilia tu, na kwamba anayetegemea matendo yake hawezi kuokolewa. Maneno hayo yameniumiza sana. Je, ninayoyafanya yana nafasi gani katika imani yetu?
*Dada anayeuguza*

JIBU: Amina, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Mwenzako amesema jambo la kweli, ila amelipeleka mahali lisipohusika. Ni kweli kwamba hatuokolewi kwa matendo, na John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, alijifunza hilo kwa taabu. Tangu mwaka 1730, akiwa Oxford, yeye na wenzake waliwatembelea wafungwa, walifunga, na walishiriki Meza ya Bwana kila juma, lakini moyo wake haukutulia hadi jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa mtaa wa Aldersgate jijini London, alipohisi moyo wake ukipashwa joto kwa namna ya ajabu na kupata hakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake yeye binafsi.

Tazama basi alichofanya baada ya jioni hiyo. Hakuwaacha wafungwa wala maskini. Mwaka uliofuata alikuwa akihubiri nje, uwanjani, kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood karibu na Bristol. Mwaka 1746 alifungua zahanati ya kuwapatia maskini dawa jijini London, na mwaka huohuo akaanzisha mfuko wa kuwakopesha fedha kidogo, za kurudishwa ndani ya miezi mitatu. Mtu ambaye zamani alihangaika ili akubaliwe na Mungu sasa alifanya kazi zilezile akijua kwamba amekwisha kukubaliwa, na naamini nawe unapomgeuza mama yako kitandani usiku huhesabu thawabu hata kidogo.

Kuna jambo lingine ambalo huenda mwenzako hajalisikia. Wesley alifundisha kwamba Mungu ameweka njia za kutufikishia neema yake. Baadhi ni matendo ya ibada, kama sala, kulisoma Neno, kufunga na Meza ya Bwana. Pamoja nayo kuna matendo ya huruma, na katika mahubiri yake ya mwaka 1786 kuhusu kuwatembelea wagonjwa alisisitiza kwamba hayo nayo ni njia halisi za neema, ambazo muumini akizipuuza kwa makusudi hujinyima mwenyewe. Miaka mitano kabla ya hapo, akihubiri kuhusu bidii ya Kikristo, alikwenda mbali zaidi: pale ibada na huruma zinapogongana, hata sala na kulisikiliza Neno vingojee kwanza, huruma itangulie. Siku unayobaki nyumbani kwa sababu mgonjwa hawezi kuachwa peke yake, dada yangu, hujamkimbia Mungu.

Hata hivyo, sipendi uzoee kuwa peke yako. Madarasa yetu yalianza Bristol mwaka 1742 kwa sababu ambayo wengi hawaijui: palikuwa na deni la jengo la ibada, wakakubaliana kila mwanachama atoe peni moja kwa juma, na washirika wakagawanywa katika makundi ya watu wapatao kumi na wawili, kila kundi likiwa na mtu wa kuzikusanya. Hao wakusanyaji, walipopita nyumba kwa nyumba, wakakuta mambo ambayo hayaonekani kanisani. Hivyo kazi ya fedha ikageuka kuwa ya kuchunga roho. Kwa hiyo mwambie kiongozi wa darasa lako, bila haya, kwamba kama wewe huwezi kwenda, darasa lije kwako, na mchungaji wako awaletee Meza ya Bwana wewe na mgonjwa wako. Na huyo aliyekuumiza kwa maneno, mwombe aje akae na mama kwa muda wa saa mbili ili wewe upate usingizi.

SWALI: Mchungaji, fedha ninazo kiasi, lakini muda sina. Kila mwezi natuma mchango kwa ajili ya wahitaji. Je, haitoshi?
*Msomaji mwenye shughuli nyingi*

JIBU: Endelea kutuma, kwa maana mchango wako unalisha watu. Lakini nenda pia, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Katika mahubiri hayohayo ya mwaka 1786, Wesley alisema kwamba sababu kubwa ya matajiri kuwa na huruma haba kwa maskini ni kwamba hawawatembelei. Aliwashauri pia wanaotembelea waanze kuuliza habari za mwili: kama chakula kipo, kama nguo zipo, kama kuna kuni, habari za roho zifuate baadaye. Hayo huwezi kuyauliza kwa kutuma fedha.

SWALI: Mimi ni kiongozi wa darasa. Nawafariji wengine, lakini ndani yangu tumaini limezimika. Najiona mnafiki. Je, niache uongozi?
*Ndugu aliyechoka*

JIBU: Ndugu yangu, Wesley aliuliza swali lako hilo mwanzoni mwa mwaka 1738, alipotaka kuacha kuhubiri kwa kuwa aliona hana imani. Rafiki yake Peter Böhler alimshauri ahubiri imani mpaka aipate. Mtu wa kwanza aliyemhubiria wokovu kwa imani peke yake alikuwa mfungwa aliyehukumiwa kifo. Tena, hata baada ya Aldersgate, mnamo Januari 1739, aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Kwa hiyo giza lako si ushahidi wa unafiki. Sisi tunaamini katika neema inayotangulia, yaani Mungu huwa amekwisha kuanza kazi ndani ya mtu kabla mtu huyo hajahisi chochote, na naliona hilo kwako katika uchungu wenyewe wa barua yako.

Tarehe 24 Februari 1791, siku chache kabla ya kufariki, Wesley alimwandikia mbunge wa Uingereza, William Wilberforce, akimtia moyo asichoke kupigana na utumwa. Sheria ya Uingereza ya kukomesha biashara ya watumwa ilipita mwaka 1807, naye Wesley hakuiona. Vivyo hivyo, usipoliona tunda la kazi yako, usidhani kazi hiyo ni bure.

Usiache uongozi kwa hasira dhidi ya nafsi yako. Mweleze mchungaji wako yote, na kama mwili umechoka, mwachie mwenzako darasa kwa miezi mitatu. Katika ibada ya Agano, ambayo Wamethodisti waliianza mwaka 1755, tunamwambia Mungu kwamba tuko tayari kutumika au kuwekwa kando kwa ajili yake. Umekwisha kutumika kwa muda mrefu; hiyo miezi mitatu keti katika darasa kama mwanachama tu, na wengine wakuulize hali ya roho yako.