Tairi la mbele likinyanyuka kwenye kona, anza kuangalia nyuma

Kama una gari la fowili lililoinuliwa na unaishi kwenye vilima vya Mwanza, hali hii umeshaiona au utaiona. Unapanda taratibu njia ya mawe, unakata usukani kulikwepa jabali, na tairi la mbele la upande wa ndani wa kona linaacha ardhi. Kesho yake uko gereji unaambiwa springi za mbele zimechoka, weka ngumu zaidi. Ushauri huo nimeusikia Nyakato, nimeusikia Igoma, na naupinga kabisa. Mara nyingi tairi hilo linanyanyuka kwa sababu mbele ni ngumu mno kuliko nyuma. Ukiongeza ugumu, litanyanyuka mapema zaidi.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanadhani kuinua gari ndiyo sababu yote. Chukua gari la kilo 2,400 ambalo kila tairi limebeba kilo 600. Upana kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita 1.5, na kitovu cha uzito (pale ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika) kiko mita 0.8 kutoka chini. Likipiga kona ambayo nguvu ya pembeni inafikia asilimia 40 ya uzito wake, kilo kama 510 zinahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Sasa liinue mpaka kitovu kifike mita 0.9. Zinahama kilo kama 575. Tofauti ni kilo 65 tu, tena zinagawanywa mbele na nyuma. Hizo peke yake haziwezi kuning'iniza tairi hewani.

Jambo kubwa ni ekseli ipi inaubeba uzito uliohama. Chesisi ni moja, kwa hiyo bodi ikilala kwenye kona inalala mbele na nyuma kwa pamoja. Ekseli inayokataa kulala ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya uzito huo. Mbele ikiwa ngumu na nyuma laini, tairi la nje la mbele linalemewa, na la ndani linapungukiwa mpaka halina kitu. Nyuma matairi yote mawili yanaendelea kukanyaga chini kana kwamba hakuna kilichotokea, ndiyo maana fundi anayetazama haraka anaona tatizo liko mbele.

Land Cruiser za familia ya 70 ni mfano mzuri, na huku kwetu ziko kila mahali: magari ya wagonjwa, ya migodini Geita, ya watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Tangu 1999 nyingi zina springi za koili mbele na springi za mabamba nyuma. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu, na kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bushi (mipira) mbili. Tairi moja likipanda na jingine likishuka, mikono ile inavutana na kutaka kuisokota ekseli yenyewe. Ekseli inageuka kuwa stabilaiza ya pili (ile fimbo ya chuma inayozuia bodi isilale) ambayo hakuna aliyeinunua. Nyuma, springi za mabamba zimekaa ndani ya matairi, zikiwa karibu zaidi. Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: nguvu ya springi kuzuia gari lisilale inafuata mraba wa umbali kati ya springi ya kushoto na ya kulia. Umbali ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Kwa hiyo nyuma inaweza kuwa ngumu kabisa kwa kubeba mzigo na bado ikawa legevu kwa kulala.

Halafu tunaanza kuongeza. Bampa la chuma, winchi, na springi nzito za mbele za kuvibeba. Nyuma mtu anafungua stabilaiza ili "ijinyooshe" kwenye mashimo. Kila badiliko moja lina sababu nzuri, lakini yote yanasukuma upande uleule: mbele ngumu, nyuma legevu.

Shokapu nazo. Gari likiinuliwa milimita 50 kwa springi ndefu na shokapu zikabaki zilezile, tairi limepoteza milimita 50 za kushuka. Shokapu inafika mwisho wakati ardhi bado iko mbali. Hili ni rahisi kulijua: inua upande mmoja wa mbele kwa jeki iliyowekwa chini ya chesisi mpaka tairi liache chini, kisha angalia kama shokapu imevutika yote huku springi ikiwa bado na nafasi ya kurefuka.

Tuliongeze jabali la Mwanza kwenye hesabu. Gari letu lile lililoinuliwa, umbali kati ya ekseli ukiwa mita 2.7, likipanda mwinamo wa digrii 20, kila tairi la mbele linabaki na kilo kama 430 badala ya 600. Hapo hujakata kona. Ukikata, njia ikalalia upande, na tairi la nyuma la ndani likapanda jiwe, zile kilo 430 zinaisha haraka. Atakayepita zile njia za juu zinazopenya kati ya miamba kwenda kwenye nyumba za mlimani ataelewa: mwinamo, kona na jiwe vinakuja mahali pamoja.

Wengine huniuliza kwa nini linanyanyuka kona ya upande mmoja zaidi ya nyingine. Propela (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) inapozungusha ekseli, inaisokota, na bodi nayo inasukumwa kulalia upande. Injini ya 1HZ, ile ya dizeli iliyomo kwenye nyingi ya Land Cruiser hizi, ina nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 280, na gia ya kwanza kwenye gia nzito inaizidisha zaidi ya mara 10. Punguza mafuta uone tofauti.

Ushauri wangu kuhusu pesa ni huu. Kabla ya kununua chochote, toa mzigo juu. Keria yenye tairi la akiba, madumu ya maji na magunia ya dagaa kutoka Kayenze inapandisha kitovu cha uzito kuliko springi za inchi mbili. Pili, rudisha stabilaiza ya nyuma kama gari lilitoka nayo kiwandani. Tatu, shokapu za urefu unaolingana na springi. Springi za mbele ziguswe mwisho, na ziwe za uzito halisi ulioko mbele leo. Usinunue kwa kukisia winchi utakayofunga mwakani.

Kwenye mawe, kwa mwendo wa mtu anayetembea, tairi kuning'inia si hatari yenyewe. Linalovunja vitu ni tairi linalozunguka kwa kasi hewani na kutua ghafla kwenye mwamba ukiwa bado umekanyaga mafuta. Hapo sivi jointi ya mbele (kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekatwa kona) inakatika. Likiinuka, achia mafuta polepole, nyoosha usukani kidogo, lisubiri litue, ndipo uendelee.

Kwenye lami ni habari nyingine, na hapa naomba tusikilizane. Gawanya nusu ya upana kati ya matairi kwa urefu wa kitovu: jibu ni sehemu ya uzito wa gari ambayo nguvu ya pembeni ikiifikia, gari linapinduka. Gari letu kabla ya kuinuliwa lilikuwa na 0.94, baada ya kuinuliwa 0.83. Jaza keria mpaka kitovu kifike mita 1.0, unabaki na 0.75. Lami kavu inaweza kulishika tairi mpaka nguvu ya pembeni ifike 0.8 ya uzito. Maana yake gari litapinduka kabla halijateleza, na dereva hatapata ile sauti ya matairi ya kumwonya. Ukiambiwa na aliyekuwa nyuma yako barabara ya Musoma kwamba tairi lako la mbele liliinuka kwenye kona, simama sehemu salama, shusha mzigo wa juu, na usilirudishe gari kwenye mwendo wa barabara kuu mpaka limepimwa mbele na nyuma.